Deni la Baba na Elimu ya Mwana

 

Imetufikia barua kutoka mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Aliyeiandika ni mtu wa hapa kwetu aliyesafiri zamani kwenda kutafuta riziki, naye sasa ni dereva wa magari ya mizigo, na mkewe hufanya kazi ya kuwatunza wazee. Jina lake hatulitaji, kwani haja yetu si jina bali ni swali. Binti yake wa kwanza amemaliza skuli na kukubaliwa chuo kikuu. Chuo kimewapelekea waraka wenye hesabu ya gharama, na chini yake hesabu ya misaada. Na katika hiyo misaada pameandikwa fedha nyingi zinazoitwa PLUS, ambazo mzazi hatakiwi kufanya lolote ila kutia sahihi. Ndugu yetu asema kwamba jamaa zake walioko Mombasa wamegawanyika. Kaka yake amwambia atie sahihi bila kuchelewa, kwani huko kila mtu hufanya hivyo. Ami yake amwambia kuwa hiyo ni riba tupu, na kwamba mtoto wa kike akae nyumbani angoje mume. Naye yu baina ya hao wawili, na siku za kukijibu chuo zapungua.

Tumeonelea jawabu lake tulichapishe hapa, kwani ni nyumba chache katika mji huu zisizokuwa na mtu wao ng'ambo, na sisi tulioko huku ni hodari wa kuwapelekea wenzetu mashauri katika mambo tusiyoyajua. Maulamaa wa usuli wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi tulimtaka ndugu yetu atuletee makaratasi yote, tukayasoma pamoja na kijana mmoja wa darsa yetu aliye fundi wa hesabu, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya elimu ya juu, na kwa sheria hiyo serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu iliyo juu ya majimbo yote ya Marekani, ikaingia kwa nguvu katika kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa vyuo. Mwaka 1980 ukafunguliwa mlango wa wazazi, nao ndio huo wa PLUS. Zamani benki zilikuwa zikikopesha na serikali ikiwadhamini. Tangu Julai 2010 mikopo mipya ya namna hii hutoka kwa serikali yenyewe, kwa mkono wa wizara ya elimu. Hili tulikumbuke, kwani litakuja kuwa na maneno yake.

Njia yake ni hivi. Mwanafunzi hujaza kwanza fomu iitwayo FAFSA, ambayo ni ombi la misaada ya serikali, na mzazi naye hueleza humo mapato yake. Kisha mzazi, kwa jina lake mwenyewe, huomba PLUS na kutia sahihi hati ya ahadi ya kulipa. Fedha haziji mkononi mwake. Huenda moja kwa moja chuoni, zikalipa ada na makao na chakula, na zikibaki hurejeshwa. Mwanafunzi lazima awe ni wa shahada ya kwanza, aliye bado chini ya wazazi wake kwa hesabu ya sheria, na awe anasoma si chini ya nusu ya masomo ya kawaida. Na mkopaji lazima awe ni baba au mama aliyemzaa, au aliyemfanya mwana kwa hukumu ya sheria, na mara nyingine mzazi wa kambo. Babu haingii, wala nyanya aliyemlea mtoto tangu siku ya arubaini, wala mjomba. Kwetu mjomba ndiye aliyewasomesha wengi wetu. Lakini sheria ile haimjui mjomba. Tena mzazi awe raia, au mgeni mwenye ukaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyekubaliwa; mwenye viza ya muda hana fungu.

Sasa tazameni jambo hili, kwani kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Serikali humkagua mzazi kabla ya kumpa. Lakini hukagua nini? Hutazama kama ana sifa mbaya ya madeni: deni lililopita siku 90 halikulipwa, au kufilisika katika miaka 5 iliyopita, na mfano wa hayo. Haimuulizi apata kiasi gani kwa mwezi, wala kama ana watoto wengine wanne nyuma ya huyu, wala kama ataweza kulipa. Muuza duka wa mtaani kwetu, asiyejua kusoma, humtazama mtu mara mbili kabla ya kumwandikia kilo mbili za mchele katika daftari. Serikali kubwa kuliko zote duniani yampa dereva makumi ya maelfu ya dola kwa kuwa tu hajapata kuchelewesha deni. Rehani yake ni nini? Ni mapenzi ya mzazi kwa mwanawe. Mtu atasema hapana kwa gari na atasema hapana kwa nyumba, lakini akiletewa karatasi mbele ya binti yake aliyekesha usiku akisoma, mkono hutia sahihi wenyewe.

Tuje katika hesabu. Mikopo ya PLUS iliyotolewa baina ya tarehe 1 Julai 2025 na 30 Juni 2026 ilikuwa na nyongeza ya asilimia 8.94 kwa mwaka, na kiwango hicho hakibadiliki mpaka deni liishe. Mwaka uliotangulia kilikuwa asilimia 9.08. Mwanafunzi mwenyewe, akikopa kwa jina lake katika mwaka ule wa 2025, nyongeza yake ilikuwa asilimia 6.39. Yaani mzazi, aliye mtu mzima mwenye kazi, hutozwa zaidi kuliko mwanawe. Juu ya hayo kuna ada ya kufungua mkopo, asilimia 4.228, nayo hukatwa kabla fedha hazijafika chuoni.

Basi baba akikopa dola 20,000, chuo hupokea dola 19,154 na senti kidogo, na yeye hudaiwa 20,000 kamili. Akianza kulipa mara moja, akalipa kwa miaka 10, atatoa karibu ya dola 253 kila mwezi, na jumla yake ni kama dola 30,300. Lakini wazazi wengi hawawezi kulipa na huku wasomesha. Sheria yawaruhusu kuomba kungojewa mpaka mtoto amalize, na miezi 6 baada yake. Huo kungojewa hausimamishi nyongeza. Katika miaka minne na nusu zitazaliwa dola kama 8,000, nazo zitaunganishwa na rasilimali, na deni liwe dola 28,000, na hizo 8,000 nazo zianze kuzaa. Akilipa hiyo kwa miaka 10, kila mwezi ni dola 354, na jumla yapata dola 42,500. Amepokea kumi na tisa, amelipa arubaini na mbili. Na hiyo ni hesabu ya mwaka mmoja wa masomo, na mtoto mmoja.

Zamani mzazi aliweza kukopa mpaka gharama yote ya chuo baada ya kutoa misaada mingine. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imeweka mpaka: kwa wakopaji wapya, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, si zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, wala zaidi ya dola 65,000 kwa jumla kwa mtoto huyo. Hilo ni jema. Lakini sheria hiyo hiyo imewafungia wazazi wanaokopa tangu siku hiyo ule mlango wa kulipa kwa kadiri ya mapato, ikawabakishia malipo yaliyopangwa, ya miaka 10 mpaka 25 kwa kadiri ya ukubwa wa deni. Mwenye kudaiwa dola 65,000 muda wake ni miaka 20. Baba wa miaka 50, akingoja binti amalize kwanza, atamaliza kulipa akiwa ameingia mwaka wa sabini na tano. Na asipolipa siku 270, sheria yaipa serikali uwezo wa kukata mpaka asilimia 15 ya mshahara wake bila ya kwenda kwa kadhi wala hakimu, na kuchukua marejesho yake ya kodi.

Na deni hilo ni lake yeye. Si la binti. Hata binti akiwa daktari mkubwa, hakuna fomu ya serikali ya kulihamisha deni la PLUS kutoka kwa baba hadi kwake.

Hivyo ndivyo lilivyo jambo. Sasa tuitazame Sharia.

Haifichiki kwa Mwislamu yeyote kwamba Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharimisha riba, na kwamba katika Suratul Baqara amewatangazia wasioiacha vita vitokavyo kwake na kwa Mtume wake. Hakuna dhambi nyingine ya mali iliyotajwa kwa maneno mazito kama hayo. Na katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mla riba, na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, na akasema kwamba wote hao ni sawa. Basi asijidanganye mtu kwa kusema: mimi sili, mimi nalishwa deni tu.

Tumewasikia watu wakitoa hoja tatu. Wa kwanza asema hiyo si riba, ni faida, au ni intaresti. Ndugu zetu, mtu akimwita nguruwe mbuzi, hachinjiki. Kila kilichoshurutishwa juu ya rasilimali ya mkopo kwa ajili ya kungoja ni riba, liitwe jina litakalo. Wa pili asema aliyekopesha hapa ni serikali, si benki, na serikali si mfanya biashara. Hilo ni kweli, na serikali ile husamehe mambo ambayo benki haisamehe, kama tutakavyoeleza. Lakini hatukupata katika vitabu vyetu kwamba riba hukatazwa kwa mkopeshaji huyu na huachwa kwa yule. Wa tatu asema niya ni elimu, na elimu ni ibada. Nasi twamuuliza: aliyeiba apate kujenga msikiti, msikiti wake ukoje?

Imebaki hoja ya nne, nayo ndiyo yenye uzito, ni hoja ya dharura. Mwenyezi Mungu amemruhusu mwenye njaa ya kumuua kula nyamafu, bila ya kutamani wala kupita mpaka. Na wako maulamaa wa zama zetu waliosema kwamba haja ya watu wengi yaweza kushika mahali pa dharura. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilimruhusu Mwislamu wa Ulaya asiye na nyumba kununua nyumba ya kukaa kwa mkopo wa benki, kwa masharti, na la kwanza likiwa ni kukosa njia nyingine. Maulamaa wengine waliikataa fatwa hiyo kwa nguvu. Na wako wanaoipima elimu kwa nyumba. Sisi hatumtukani aliyeshika kauli ya mwanachuoni anayemwamini, wala hatumwiti fasiki. Lakini twasema kwamba hata wale walioruhusu hawakuruhusu mtu aanze kwa nyamafu. Walisema: tafuta kwanza, ukikosa, rudi. Na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa hali nyamafu akashiba, kisha akajifungia nyingine ya safari.

Kwa hivyo swali la kweli si kama PLUS ni riba, kwani ni riba. Swali ni kama ndugu yetu amekwisha tafuta. Na tulipomuuliza, tukaona hakutafuta; bali, kama wengi wetu tungefanya, aliuona waraka wa chuo akadhani mambo yamekwisha.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kusema neno juu ya ami yake, kwani ameshika haki moja akaitupa nyingine. Amesema kweli kwamba ni riba. Kisha akaitumia kweli hiyo kama kufuli ya kumfungia mtoto ndani. Tumewaona watu wa namna hii. Hawaikumbuki riba ila siku mtoto wa kike anapotaka kusoma. Harusi ya siku saba hufanywa kwa fedha za benki, na vyombo vya dukani huchukuliwa kwa malipo ya mwezi kwa mwezi yaliyojaa nyongeza, na hatukusikia aya hata moja. Imepokewa kwamba mateka wa Badri wasiokuwa na fidia walifunguliwa kwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Waalimu walikuwa washirikina, waliotoka kupigana na Mtume, na hilo halikuwazuia Waislamu kuitaka elimu yao. Na sisi wa pwani twaijua bei ya kukataa. Wazee wetu waliziogopa skuli za serikali na za misheni, na hofu yao ilikuwa na sababu, kwani walihofia dini ya watoto wao. Lakini walipokataa hawakujenga nyingine badala yake, na kwa muda mrefu sana kila aliyeingia katika afisi ndani ya mji wake mwenyewe alimkuta mgeni nyuma ya meza. Kusema haramu kisha ukakaa kitako si kuwalinda watoto. Anayeufunga mlango wa haramu na awaonyeshe watu mlango wa halali, au aseme waziwazi kwamba hataki mtoto asome.

Basi milango yenyewe ni ipi?

Wa kwanza ni ile fomu ya FAFSA. Ndugu yetu alituandikia kwamba jirani zake Waislamu wengi hawaijazi kabisa, kwa kuogopa kwamba kuijaza ni kuomba riba. Hilo ni kosa, na limewanyima watoto wengi haki yao. FAFSA ni swali tu. Kuijaza hakumlazimishi mtu kupokea mkopo wowote, naye aweza kukubali hiki na kukataa kile. Na kwa fomu hiyo ndiyo hupatikana msaada uitwao Pell, ambao serikali huwapa wanafunzi wa nyumba zenye kipato kidogo, na haurejeshwi. Kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Kwa fomu hiyo pia hupatikana kazi za chuoni zenye ujira, na majimbo na vyuo vingi huitazama kabla ya kutoa misaada yao. Katika ule waraka wa chuo, ndugu yetu, chukua kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa fedha zisizorudi, tia alama ya ndiyo. Palipoandikwa kazi, tia ndiyo. Palipoandikwa mkopo, pafute, kisha ujumlishe upya. Hapo ndipo utakapoijua bei ya chuo hicho, kwani mkopo si msaada hata ukiandikwa chini ya jina la msaada.

Wa pili ni kuchagua chuo kwa kadiri ya mfuko. Columbus pana chuo cha umma cha miaka miwili, Columbus State Community College, ambacho ada yake ni ndogo mno kuliko ya chuo kikuu, na wanafunzi wake huhamia Ohio State University wakaimaliza shahada huko. Binti atalala kwao, atakula chakula cha mamake, na fedha za Pell zaweza kumlipia ada. Twajua kwamba si rahisi. Binti amekwisha kuona picha za kile chuo kingine, na rafiki zake waenda huko. Lakini shahada itakayoandikwa mwisho ni ya pale alipomalizia.

Wa tatu twautaja kwa tahadhari. Mwanafunzi mwenye uhitaji huweza kupata mkopo kwa jina lake mwenyewe ambao serikali hubeba nyongeza yake muda wote anaposoma na miezi 6 baadaye. Mwaka wa kwanza hauzidi dola 3,500. Akiulipa wote kabla ya miezi hiyo kwisha, hatalipa nyongeza, ila ile ada ya kufungulia, ambayo kwa mkopo huo ni kama asilimia moja. Mkataba wenyewe bado una sharti la riba ndani yake, na kwa sababu hiyo maulamaa wengi huukataa, nasi hatumsukumi mtu kuuingia. Lakini baina yake na PLUS kuna umbali mkubwa, na mwenye kulazimika kweli achague lililo jepesi, naye azimie kulipa kabla ya siku yake. Jambo la kujulikana ni kwamba mzazi akikataliwa PLUS kwa sifa yake ya madeni, mwanafunzi huruhusiwa kukopa zaidi kwa jina lake mwenyewe; lakini nyongeza hiyo ya mkopo haina ile huruma, riba yake huanza siku ya kwanza.

Ndugu yetu ameuliza pia: nikifa na deni hili itakuwaje? Swali hili lilitugusa, kwani aliliandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo. Twajua sote habari ya maiti aliyeletwa ili Mtume amsalie, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa analo, na hakuacha cha kulilipa, akawaambia sahaba zake wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu ya shingo yake. Basi hofu yako, ndugu yetu, ni hofu ya mtu mwenye imani. Sheria ya Marekani yasema kwamba mzazi aliyekopa PLUS akifa, deni hufutwa. Na kadhalika akifa mwanafunzi aliyekopewa, na kadhalika mzazi akipata ulemavu kamili wa kudumu. Mwenye kudai akisamehe kwa hiari yake, dhima ya mdaiwa huwa safi katika Sharia yetu, hilo halina ubishi. Lakini kusamehewa deni ni jambo moja, na kuulizwa kwa nini uliingia katika mkataba wa riba ni jambo jingine, na hilo la pili hufutwa kwa toba tu.

Kwa hao ambao wamekwisha kutia sahihi zamani, nao ni wengi, hatuwaambii wakate tamaa. Lililopita lina toba. Walipe haraka kwa kadiri wawezavyo, kwani sheria haitozi faini kwa anayelipa kabla ya wakati, na kila dola mia inayotangulia huikata riba ya miaka ijayo. Na watoto waliosomeshwa kwa madeni hayo wasijifiche nyuma ya karatasi. Serikali haikuandika jina lako, mwanangu, lakini anayekatwa mshahara akiwa na miaka sabini ni babako. Mlipie yeye, kimyakimya, kila mwezi, kabla hujanunua gari.

Imebaki aibu moja, nayo ni yetu sote. Mjini New York, tangu mwaka 1892, Mayahudi wana chama chao cha kukopesha bila ya riba hata senti moja, na hukopesha watu wa dini zote. Walianza wakiwa wahamiaji maskini. Sisi ndio tulioteremshiwa aya ndefu kuliko zote za Qur'ani katika kuandika madeni, na kabla yake kidogo aya ya kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Yako wapi madaftari yetu? Huko Marekani Waislamu wameanzisha mfuko wa karadha njema kwa wanafunzi, uitwao A Continuous Charity, jina lenye maana ya sadaka ijariayo, nao hukopesha bila ya riba. Tumemwambia ndugu yetu awaandikie. Lakini msikiti wake una watu wangapi? Waumini mia mbili wakiweka dola 10 kila mwezi, mwisho wa mwaka ni dola 24,000. Na zikikopeshwa zikarudi, mwaka wa pili zinasomesha tena. Hilo halihitaji fatwa.

Jawabu letu kwake, basi, ni hili. Asitie sahihi PLUS mwaka huu, kwani njia nyingine iko na hajaipita. Binti asikae nyumbani. Aingie chuo cha miaka miwili msimu huu huu, na FAFSA ijazwe. Kabla ya hayo, baba na mama wakae naye usiku mmoja na ile hesabu ya kumi na tisa na arubaini na mbili mezani, wamwonyeshe mapato yao yalivyo, bila ya kumficha. Mtoto wa miaka kumi na minane aliyekwisha kubaleghe ni mwenye kukalifishwa, aweza kusikia kweli. Na ikiwa baada ya miaka miwili amehamia chuo kikuu, pamebaki pengo, na milango yote imegongwa na karadha haikupatikana, atuandikie tena, tutatazama upya naye, pamoja na maulamaa wa huko wanaoijua hali yao kuliko sisi.

Ami yake tumemtembelea. Amekubali, baada ya kahawa mbili, kuweka shilingi elfu kumi katika mfuko wa karadha wa darsa yetu, kwa sharti kwamba mtoto wa kwanza kukopeshwa awe ni mjukuu wake. Tumemwambia kwamba sharti hilo hatulikubali, na fedha tumezipokea. Daftari la mfuko hufunguliwa kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri.